Robert Koch: Tabibu wa Hadubini na Wagonjwa wa Visiwa vya Ssese

Kila mwaka ifikapo tarehe 24 Machi, dunia huadhimisha Siku ya Kifua Kikuu, na si ajabu kusikia mwishoni mwa Misa tangazo likiwahimiza wenye kikohozi cha muda mrefu waende zahanati kupimwa makohozi. Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo. Jioni ya tarehe 24 Machi 1882, katika mkutano wa wanafiziolojia mjini Berlin, daktari mmoja mfupi wa kimo, mwenye miwani na sauti isiyo ya mhubiri, alisimama mbele ya wenzake na kuwaonyesha kiini kinachosababisha kifua kikuu. Jina lake lilikuwa Robert Koch.

Jina hilo wengi wetu tumelisikia shuleni. Lisilojulikana sana ni kwamba mtu huyu alikuja mara kadhaa katika nchi zetu, akakaa Dar es Salaam, akapanda milima ya Usambara, akavuka Ziwa Viktoria, na kwamba kazi yake ya mwisho Afrika, aliyoifanya katika Visiwa vya Ssese, iliacha faida na majeraha kwa pamoja. Hakuwa Mkatoliki, na maisha yake ya nyumbani hayakuwa ya kuigwa katika kila jambo. Hata hivyo yafaa tumjue, kwa kuwa zahanati zetu bado hutumia mbinu alizozianzisha.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa wachimba madini katika milima ya Harz nchini Ujerumani, akiwa mmoja wa watoto 13 wa afisa wa migodi. Husimuliwa kwamba alijifunza kusoma mwenyewe kwa kutazama magazeti kabla hajaanza shule. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, ambako mmoja wa walimu wake, Jakob Henle, alikuwa ameandika tangu mwaka 1840 kwamba maradhi ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo mno. Wakati ule wasomi wengi walidhani maradhi hutokana na hewa chafu itokayo ardhini. Henle alikuwa na wazo lakini hakuwa na ushahidi, na mwanafunzi wake ndiye aliyekuja kuutafuta.

Baada ya kuhitimu mwaka 1866, Koch alihangaika kama wahangaikavyo madaktari vijana wasio na mali. Alihama kutoka mji hadi mji, akamwoa Emmy Fraatz, akapata binti mmoja, akatumikia jeshi katika vita kati ya Ujerumani na Ufaransa. Mwaka 1872 aliteuliwa kuwa mganga wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo umo nchini Poland. Huko hapakuwa na maktaba ya kitaaluma, wala maabara, wala mwenzake wa kushauriana naye. Palikuwa na wagonjwa wa kutibu mchana, hadubini aliyoipata kwa msaada wa mkewe, na sehemu ya chumba cha kutibia iliyotengwa kwa pazia.

Nyuma ya pazia lile ndipo alipoufumbua ugonjwa wa kimeta, uliokuwa ukiua kondoo na ng'ombe wa wakulima wa wilaya yake. Wengine walikuwa wamekwisha kuona vijiti vidogo katika damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, lakini hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba vijiti vile ndivyo chanzo cha kifo. Koch alichukua tone la damu ya mnyama aliyekufa, akalichanja kwenye mkia wa panya kwa kijiti cha mti, kwa kuwa hakuwa na sindano inayofaa. Panya alikufa. Akatoa damu ya panya yule akamchanja mwingine, naye akafa, hivyo hivyo mfululizo. Kisha akavilea vijiti hivyo katika majimaji ya jicho la ng'ombe, akavitazama saa baada ya saa vikirefuka na kugawanyika, na mwishowe akaona vikitengeneza mbegu ngumu zinazoweza kukaa udongoni kwa miaka mingi zikingoja mnyama mwingine. Ndiyo sababu malisho fulani yalionekana kama yamelaaniwa. Mwaka 1876 alifunga safari kwenda Breslau kumwonyesha Profesa Ferdinand Cohn kazi yake, na mganga wa wilaya akawa mtu wa kusikilizwa.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin kufanya kazi katika Ofisi ya Afya ya Dola. Tatizo lililomsumbua lilikuwa la jikoni zaidi kuliko la chuoni: namna ya kuotesha aina moja tu ya bakteria bila kuchanganyika na nyingine. Alijaribu vipande vya viazi vilivyochemshwa, kisha jeli, lakini jeli iliyeyuka kwa joto. Dawa ya tatizo hilo ilitoka kwa mwanamke, Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, aliyekuwa akigandisha vyakula vyake kwa agari itokanayo na mwani wa baharini. Agari haiyeyuki upesi. Hadi leo kila maabara ya hospitali huotesha bakteria juu ya agari, na jina la mama huyo hutajwa kwa nadra kuliko inavyostahili.

Kifua kikuu kilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Koch mwenyewe alihesabu kwamba kati ya kila watu saba waliokufa, mmoja aliuawa na ugonjwa huo. Wengi waliuita ugonjwa wa ukoo au wa watu wenye huzuni. Bakteria wake hawakubali rangi za kawaida za maabara, na huota polepole, majuma kadhaa, wakati wengine huota kwa siku moja. Mtafiti asiye na subira angevitupa vichupa akidhani havina kitu. Koch alisubiri. Jioni ile ya Machi alileta hadubini zake na mamia ya vioo vyenye vipande vya mapafu, ili kila mtu atazame kwa macho yake. Inasimuliwa kwamba alipomaliza kusema hapakuwa na makofi wala swali, bali watu waliinuka mmoja mmoja kwenda kuchungulia. Tangu siku hiyo, kifua kikuu kikawa ugonjwa unaoweza kutambuliwa kwa kupaka makohozi juu ya kioo, kuyatia rangi na kuyatazama.

Mwaka uliofuata alitumwa Misri, kisha India, kufuatia kipindupindu. Mjini Aleksandria ilikuwapo pia timu ya Wafaransa wa Louis Pasteur, na baina ya makundi hayo mawili palikuwa na uhasama mkali uliochochewa na vita vya mataifa yao. Lakini mwezi Septemba 1883 Mfaransa kijana, Louis Thuillier, alishikwa na kipindupindu akafa. Koch na wenzake walifika msibani, wakaweka mashada juu ya jeneza, na Koch akawa miongoni mwa waliolibeba. Aliendelea hadi Kalkuta, na huko, mapema mwaka 1884, akathibitisha bakteria wa kipindupindu na uhusiano wake na maji machafu ya mabwawa ambamo watu walioga, wakafua na kuteka maji ya kunywa.

Hapo ndipo alipokuwa kileleni, na kileleni ndipo alipojikwaa. Mwezi Agosti 1890, mbele ya madaktari kutoka pande zote za dunia waliokutanika Berlin, alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Miezi michache baadaye dawa ilitolewa, ikaitwa tuberkulini, na maelfu ya wagonjwa walimiminika Berlin, wengine wakifia njiani. Koch alikataa kueleza imetengenezwa kwa nini. Alikuwa amejidunga yeye mwenyewe akapata homa kali, na alimdunga pia msichana aliyempenda, Hedwig Freiberg, ambaye baadaye, mwaka 1893, alimwoa baada ya kuachana na Emmy. Ushahidi wake kwa wanyama ulikuwa dhaifu. Punde Rudolf Virchow, bingwa wa uchunguzi wa maiti, akaonyesha kwamba katika miili ya waliodungwa ugonjwa ulikuwa umeenea badala ya kupona. Watu walikufa. Mtu aliyewafundisha wenzake kutoamini lolote pasipo ushahidi alikuwa amewaomba waamini siri yake.

Na bado tuberkulini haikupotea. Iliposhindwa kuwa dawa ilikuja kuwa kipimo, kwa sababu aliyeambukizwa kifua kikuu akiguswa nayo, ngozi yake huvimba. Clemens von Pirquet wa Vienna, daktari aliyewahi kusoma teolojia kabla ya kusomea tiba, aliieneza mbinu hiyo mwaka 1907, na Mfaransa Charles Mantoux akaiboresha mwaka 1908. Wazazi waliowahi kupeleka watoto hospitalini wakachomwa sindano ndogo ya mkononi, wakaambiwa warudi baada ya siku mbili au tatu kupimwa uvimbe, wamekutana na dawa iliyoshindwa ya Koch.

Tangu mwaka 1896 maisha yake yalikuwa ya safari. Alianzia Kimberley, Afrika Kusini, akitafuta kinga ya sotoka, ugonjwa uleule uliokuwa umeangamiza ng'ombe wa Wamasai miaka michache kabla. Akaenda India kwenye tauni, na kutoka huko akaja Dar es Salaam, makao makuu ya koloni la Wajerumani, alikokaa hadi mwaka 1898. Alichunguza malaria, na kwa vielelezo alivyopelekewa alithibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu wa Kiziba, karibu na Bukoba, ni tauni.

Safari ile ilimpatia funzo moja kutoka kwa wenyeji, naye aliliandika kwa uaminifu. Watu wa milima ya Usambara walimweleza kwamba wakishuka bondeni hupata homa, na homa hiyo waliiita kwa jina lilelile la mdudu anayewauma huko: mbu. Ronald Ross alikuwa India akihangaika na hadubini kuonyesha kwamba mbu ndiye mchukuzi wa malaria, nao Washambaa walikuwa wamekwisha kuliweka jambo hilo katika lugha yao.

Baadaye, mwaka 1900, akiwa New Guinea, Koch aligundua kwa kupima damu kwamba vimelea vya malaria hujaa kwa watoto wadogo ilhali watu wazima wa mahali palepale huwa navyo kidogo. Akahitimisha kwamba njia ya kuudhibiti ugonjwa ni kupima watu wote, hata wasiojisikia vibaya, na kumpa kwinini kila mwenye vimelea. Mbinu hiyo ilijaribiwa Dar es Salaam kuanzia mwaka 1901, madaktari wakipita nyumba kwa nyumba wakichukua damu. Haikufaulu kama ilivyotarajiwa, kwa maana mji wa bandari huingiwa na kutokwa na watu kila siku, na mbu walibaki palepale. Lakini wazo kwamba asiyeonekana mgonjwa aweza kuwa ndiye anayeuhifadhi ugonjwa limebaki katika kila kampeni ya kupima tunayoifahamu.

Wafugaji nao wana sehemu yao katika habari hii. Mwaka 1903 Koch aliitwa Bulawayo, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wakifa kwa ugonjwa mpya ulioingia na mifugo kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Ndio ndigana kali, ambayo jina lake la Kiingereza hadi leo lataja pwani yetu. Chanjo aliyopendekeza haikufaa kitu. Hapo awali, akiwa Dar es Salaam, alikuwa ameviona vimelea vyake akadhani ni hatua ya ugonjwa mwingine.

Mwaka 1905 alirudi tena, akakaa Amani katika Usambara Mashariki. Safari hii alifuatilia homa inayokuja, ikaondoka, ikarudi tena, iliyowashika wasafiri waliolala katika vibanda vya njia za misafara. Akachimba vumbi la sakafu za vibanda na kukusanya papasi. Ndani ya papasi hao, na hata ndani ya mayai yao, akaona vijidudu vyenye umbo la msokoto vinavyosababisha homa hiyo. Maana yake ni kwamba papasi huwarithisha watoto wake ugonjwa, na kibanda kisichokaliwa na mtu kwa muda mrefu bado ni hatari. Wengine walifikia jambo hilo kwa wakati uleule. Mwingereza Joseph Everett Dutton, aliyelichunguza huko Kongo, alikufa kwa homa hiyo mwezi Februari mwaka huohuo. Koch aliondoka nchini mwezi Oktoba, wakati Vita vya Majimaji vikiwaka kusini, na mwezi Desemba akapokea Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Mwanadamu mwingine angepumzika. Alikuwa na umri wa miaka 62 alipofunga mizigo tena mwaka 1906 kuja kupambana na malale.

Ndugu msomaji, ni vigumu leo kufikiri jinsi malale yalivyoifanya pwani ya Ziwa Viktoria. Inakadiriwa kwamba katika miaka michache ya mwanzo wa karne ya 20 watu zaidi ya 200,000 walikufa upande wa Uganda. Mgonjwa huanza na homa na kuvimba tezi za shingo. Kisha kimelea huingia kwenye ubongo, naye hulala mchana, huchanganyikiwa, hukonda, na asipotibiwa hufa. Aldo Castellani na David Bruce, wakiwa Entebbe mwaka 1903, walikuwa wameonyesha kimelea chake na mbung'o anayekieneza. Kilichokosekana kilikuwa tiba.

Koch alipiga kambi Visiwa vya Ssese, kwa sababu hapakuwa na mahali palipoumia kuliko pale. Watu wake, waliokadiriwa kuwa 30,000 hapo awali, walikuwa wamepungua hadi chini ya nusu. Habari zilienea kwamba yupo daktari mwenye dawa, wagonjwa wakaja kwa mitumbwi hata kutoka bara, wengine wakibebwa. Yeye na wasaidizi wake, miongoni mwao Friedrich Karl Kleine, walihudumia mamia kwa siku. Upimaji ulikuwa wa haraka na wa busara: walipapasa shingo ya kila mtu, wakatoboa tezi iliyovimba kwa sindano nyembamba, wakaweka tone kwenye kioo na kulitazama. Kwa njia hiyo waliwatambua wagonjwa mapema, kabla usingizi haujaanza.

Dawa ilikuwa atoksili, mchanganyiko wenye aseniki, yaani sumu ileile iuayo panya, iliyofungwa kwa kemia ili impate mdudu kabla ya mtu. Mwanzoni matokeo yalionekana kama muujiza. Vimelea vilitoweka katika tezi, na waliobebwa walianza kutembea. Kisha vikarudi. Koch akaongeza kipimo, kutoka nusu gramu hadi gramu nzima. Wagonjwa walipata maumivu makali ya tumbo, kizunguzungu na kutapika, na wengine walitoroka kambini. Halafu macho yakaanza kufifia. Watu 22 walipofuka kabisa kabla hajakirudisha kipimo chini, na upofu ule haukupona.

Hapa sitaki kumtetea wala kumhukumu kwa haraka. Ugonjwa wenyewe ulikuwa hukumu ya kifo, na daktari asiyefanya kitu naye hana mikono safi. Koch hakuuficha upofu ule. Aliuandika katika taarifa zake. Lakini jambo moja lanikaa kooni. Mwishoni mwa mwaka 1900 serikali ya Prussia, kwao Koch, ilikuwa imewaagiza wakuu wa hospitali kwamba mtu asifanyiwe jaribio lisilo la tiba pasipo kuelezwa na kuridhia. Agizo lile halikugusa majaribio ya tiba kama haya ya Ssese, wala halikuvuka bahari, lakini wazo lililomo ndani yake lilikuwa limekwisha kujulikana. Mvuvi wa Bugala alikuwa na macho mawili sawasawa na mgonjwa wa Berlin, na alistahili kuulizwa kama yuko radhi kuyahatarisha.

Alipoondoka mwaka 1907 aliacha mapendekezo: kufyeka vichaka vya ufukweni wanamokaa mbung'o, kupunguza mamba ambao mbung'o hunyonya damu yao, na kuwatenga wagonjwa katika makambi. Kwa upande wa Wajerumani makambi yalifunguliwa, kama Kigarama na Shirati. Alikuwa ametambua kwamba vijana wa Kiziba waliokwenda Uganda kugema mpira walirudi na malale mwilini, na makambi yale yaliwapokea wengi wao. Kwa aliyefungiwa humo akidungwa atoksili, tofauti ya kambi na gereza haikuwa kubwa, na wengi waliogopa kujitokeza. Atoksili yenyewe haikudumu, ila Paul Ehrlich, aliyewahi kufanya kazi katika taasisi ya Koch, aliianzia hapo hadi kupata dawa ya kaswende. Kleine naye alirudi kwenye maziwa yetu, na mwaka 1909 akathibitisha kwamba kimelea cha malale hukua kwa siku kadhaa ndani ya mbung'o kabla hajaweza kumwambukiza mtu.

Robert Koch alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Majivu yake yalihifadhiwa Berlin, katika taasisi ambayo hadi leo hubeba jina lake.

Visiwa vya Ssese havikuwa na watu tena alipokufa. Mwaka 1909 serikali ya Waingereza ilikuwa imewahamishia bara wakazi wote waliosalia, ili mbung'o wasipate mtu wa kumwambukiza. Waliporuhusiwa kurudi, miaka kama kumi baadaye, walikuta msitu umefunika mashamba yao ya ndizi.